Gari linatupa mkia mvua ikinyesha: anza na matairi ya nyuma

“Fundi, matairi bado mapya kabisa, lakini mvua ikigusa lami gari linanitupa.”

Hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, naisikia kauli hii kila mwaka mvua za Machi zinapoanza, kisha tena kuanzia Septemba. Kabla ya kujibu nauliza gari lenyewe ni lipi. Nikiambiwa ni Mark X, Mark II, Crown, BMW, HiAce au ile Noah ya zamani yenye injini chini ya viti, sina swali la pili. Nazunguka hadi nyuma, nachuchumaa, nausoma ubavu wa tairi.

Magari hayo husukumwa na magurudumu ya nyuma. Premio au Wish huvutwa na ya mbele. Yakiteleza, gari hukataa kona na kwenda moja kwa moja, dereva akiondoa mguu kwenye mafuta mara nyingi linarudi kwenye mstari wake. Gari la kusukumwa nyuma limeyabebesha matairi ya nyuma kazi mbili kwa wakati mmoja: kulisukuma gari na kuuzuia mkia usitoke. Yakishindwa moja, ya pili nayo imeshindikana. Mkia ukishatoka, kuurudisha kunataka mikono iliyozoea, na wengi wetu hatukufundishwa hilo shule ya udereva.

Hizi hapa ni dalili kama wateja wanavyozileta, na chanzo ninachokikuta mara nyingi.

Kashata (meno ya tairi) ni ndefu, tairi linapendeza, lakini lami ikilowa halishiki

Hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu macho yanamdanganya mwenye gari. Anatazama kashata, anaziona zimejaa, anaridhika. Kumbe tairi lenyewe ni la theluji.

Magari mengi yanayopita mpaka huu yametoka Japani kupitia Mombasa. Japani ina mikoa inayozama kwenye theluji kila mwaka: Hokkaido, Akita, Niigata. Zamani madereva wa huko walifunga matairi yenye misumari, lakini misumari ilichimba lami na kujaza miji vumbi, na mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuyazuia. Mahali pake yakashika matairi ya theluji yasiyo na misumari. Gari likiuzwa wakati wa baridi, linapanda meli na matairi hayo hayo. Linashuka Mombasa kwenye joto, linaendeshwa zaidi ya kilomita 1,000 hadi Kampala, linaoshwa, linapakwa dawa nyeusi ya matairi na kusimamishwa yadi. Mnunuzi anaambiwa, “Tairi ziko sawa, ssebo (bwana), angalia mwenyewe.”

Angalia kweli, lakini angalia ubavuni. Kwanza tafuta neno STUDLESS. Matairi mengi ya Japani ya aina hii yameandikwa hivyo bila kificho. Pili, tafuta mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Tatu, soma herufi ya mwisho baada ya saizi. Tairi la kawaida la Mark X la 215/60R16 huishia na herufi kama H (kasi ya juu kabisa kilomita 210 kwa saa) au V (240). Ukikuta Q, ambayo ni 160, shuku. Nne, tazama kashata zenyewe: kila kipande cha mpira kimechanjwa vimistari vyembamba vya kupinda, vingi mno, kama chale. Majina kama Blizzak, iceGuard na Winter Maxx ni ya matairi ya jamii hii. Ni matairi mazuri sana mahali yalipotengenezewa. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake haitoshi kulihukumu tairi. Matairi mengi ya kawaida ya magari makubwa yanayo.

Mpira wa tairi la theluji umechanganywa ili ubaki laini wakati baridi imeshuka chini ya nyuzi 7, mahali ambapo tairi la kawaida huanza kukakamaa. Uganda nyuzi hizo utazipata wapi barabarani? Hata Kabale, iliyoinuka karibu mita 2,000, baridi ya alfajiri huzungukia nyuzi 10, na kufika saa nne asubuhi lami imeshapata jua. Barafu yetu iko juu Rwenzori, na huko hakupandi gari. Tororo saa nane mchana lami inaunguza nyayo. Juu ya lami hiyo mpira wa theluji unalegea, na vile vipande vilivyochanjwa chale vinayumba chini ya uzito wa gari kama mabua kwenye upepo. Ukikanyaga breki, gari linakwenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Ukigeuza usukani, kuna kuchelewa kidogo kabla gari halijakutii. Na mpira unalika upesi.

Kuna wateja wanaonipinga. Mmoja hupeleka mizigo Bukwo, akaniambia, “Fundi, mbona kwenye matope tairi hizi zinavuta vizuri?” Ni kweli, zinavuta. Kashata zake zina kina na mifereji mipana, zinachimba udongo. Hapo ndipo zinapomnasa mtu: anapanda mlima bila shida, anaziamini, kisha anashuka Sironko mvua imeanza, yuko kwenye lami kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, mbele yake ng'ombe anavuka.

Tairi la theluji likizeeka linabadilika, na si kwa uzuri. Baada ya miaka kadhaa mpira unakauka. Ukibonyeza kwa ukucha hauingii hata kidogo. Sasa si la theluji wala si la jua. Umri wake usome kwenye tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni: 2317 ina maana wiki ya 23 ya mwaka 2017. Likishapita miaka 6 lichunguzeni kila mara kwa nyufa za ubavuni na kwenye mizizi ya kashata. Likifika miaka 10 litoke, hata kama halijatembea.

Mark II yangu ya kwanza niliinunua ikiwa na matairi haya, kabla sijaingia kazi hii. Aliyeniuzia alinionyesha vile vinywele vya mpira vilivyobaki pembeni, ushahidi kwamba ni mapya. Kwenye kona moja kabla ya kufika Bugiri, mvua ilikuwa ndiyo kwanza imeanza baada ya wiki mbili za vumbi, na dakika zile za kwanza ndizo mbaya kuliko saa nzima ya mvua kubwa, kwa kuwa maji yanachanganyika na vumbi na mafuta yaliyomwagika barabarani. Niligusa mafuta kidogo tu nikitoka konani. Gari liligeuka likasimama likitazama nilikotoka, na lori la mafuta lililokuwa nyuma yangu likafunga breki hatua chache mbele ya taa zangu. Mke wangu alikuwa kiti cha abiria, ana mimba ya miezi saba. Tangu siku hiyo sijawahi kumfichia mteja kilichoandikwa kwenye tairi lake, hata akikasirika.

Tiba ni kuyatoa yote manne. Nasisitiza manne. Wenye pesa kidogo huomba tubadilishe mawili tu, nami huwaeleza hivi: ukiacha ya theluji nyuma na kuweka ya kawaida mbele, umelipatia gari pua inayoshika na mkia unaoteleza. Ni afadhali kuendesha taratibu mwezi mmoja zaidi hadi pesa ya manne ipatikane.

Nimenunua matairi mawili mapya, na gari limekuwa baya kuliko mwanzo

Uliza yamefungwa wapi. Karibu kila mara jibu ni mbele, kwa sababu watu wanaamini gurudumu linalogeuza ndilo lenye kazi kubwa, na kwamba la mbele likipasuka ndiyo ajali. Kwenye mvua hesabu inageuka. Matairi mapya mbele yanachana maji na kushika, dereva anaingia kona kwa ujasiri. Ya nyuma yaliyochoka yanapanda juu ya maji na mkia unaondoka.

Mapya mawili yaende nyuma. Yale yaliyobaki na kashata nzuri kidogo yaje mbele. Hata wenye Premio nawaambia hivyo hivyo, lakini kwa gari la kusukumwa nyuma ndilo jambo la kwanza. Na yawe pacha: saizi moja, aina moja, kulia na kushoto. Nimeona Crown ina tairi la theluji kulia nyuma na la kawaida kushoto. Mwenyewe alikuwa ameshabadilisha bushi, shokamzoba na boljointi, akitafuta kinacholivuta gari upande mmoja anapofunga breki.

Nikipanda kilima chenye matope, gurudumu moja linazunguka bure, jingine limesimama

Difu ya kawaida (gia zinazogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili) hupeleka nguvu kwenye njia rahisi. Gurudumu lililo kwenye utelezi halina upinzani, basi linazunguka lenyewe, na lenzake lililo kwenye udongo mgumu linabaki kutazama. Difu haijaharibika, ndivyo ilivyotengenezwa.

Anza kwa kusimama. Kila unapoendelea kukanyaga mafuta unachimba kaburi la gurudumu na kuung'arisha udongo. Shuka, tazama kashata. Udongo wetu mwekundu ukilowa hujaza mifereji mpaka tairi linakuwa kama andazi, laini pande zote. Tairi la lami lenye mifereji myembamba linajaa kwa mizunguko michache. Kwangua kwa kijiti au kisu, weka mawe madogo au matawi mbele ya gurudumu linalozunguka, kisha jaribu kwa gia ya pili na mguu mwepesi. Kama breki ya mkono inashika magurudumu ya nyuma, ivute kidogo sana huku ukiondoka: gurudumu la bure linapata upinzani na nguvu kiasi inahamia upande wa pili. Usiifanye kwa muda mrefu, breki zitaungua.

Baadhi ya magari ya Toyota kutoka Japani yana kitufe kilichoandikwa SNOW karibu na gia. Watu hukicheka wakisema hakina kazi Afrika. Kina kazi. Kinafanya gari liondoke kwa gia kubwa zaidi na kuupunguzia ukali mguu wa mafuta, na hicho ndicho unachokitaka kwenye matope ya Kanungu. Kitufe cha TRC nacho, ukiwa umekwama kabisa, kizime, maana kinaikata nguvu ya injini kila gurudumu linapoanza kuteleza na gari halisogei. Ukitoka, kiwashe.

Kisha fikiria uzito. HiAce tupu nyuma ni nyepesi, ndiyo maana dereva wa taksi anapanda vizuri akiwa na abiria kumi na nne na anakwama akirudi peke yake. Magunia mawili ya mchanga yakikaa sawasawa juu ya ekseli ya nyuma yanaleta tofauti. Yafunge, yasije yakaruka ukifunga breki.

Upana wa tairi vijana hawapendi nikiugusa. Tairi pana la kupendezesha linaelea juu ya tope jembamba. Lile jembamba la saizi ya kiwandani linakata tope na kufikia ardhi ngumu chini yake. Kama kila siku unatembea kwenye moramu (barabara ya udongo) na HiAce, kuna matairi ya kashata nene ya njia mchanganyiko katika saizi ya 195/80R15, yaliyoandikwa AT. Nunua hayo. Ya MT yenye meno makubwa niachie wakulima na wanajeshi: kwenye lami iliyolowa yanashika vibaya, na kelele yake hadi Mbale itakuumiza kichwa. Kwa Mark X sioni haja ya kuhangaika: tairi la kawaida la mvua na jua, lenye mifereji mipana inayozunguka tairi lote, saizi iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Nikishuka mlima kwa gia nzito, mkia unatoka hata sijagusa breki

Huyu dereva amefundishwa vizuri, na amefundishwa nusu. Kushuka kwa gia nzito kunaokoa breki, na kwenye mteremko wa Kapchorwa ni lazima. Lakini kwenye gari la kusukumwa nyuma, injini inaposhika inayashika magurudumu ya nyuma peke yake. Ukirudisha gia ghafla juu ya udongo uliolowa, ni kama umevuta breki ya mkono katikati ya kona.

Shusha gia kabla ya mteremko kuanza, gari likiwa limenyooka. Ukiwa na gia ya mkono, inua mzunguko wa injini kidogo ndipo uachie klachi, polepole. Mkia ukianza kutoka, kanyaga klachi au peleka gia ya otomatiki kwenye N, elekeza usukani kule unakotaka pua iende, na usiguse breki mpaka matairi yashike. Hapa kosa mara nyingi si la tairi, ingawa kipara cha nyuma kitaliharakisha.

Usukani umekuwa mwepesi ghafla kwenye dimbwi

Tairi limepanda juu ya maji. Ondoa mguu kwenye mafuta, shikilia usukani bila kuugeuza, ngoja. Sababu ni tatu na huja pamoja: kasi, kashata fupi, upepo mdogo. Watafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, walitoa kanuni ya kukadiria kasi ambayo tairi kipara huanza kuelea: kwa upepo wa psi 32 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) inatoka karibu kilomita 94 kwa saa, na kwa psi 20 inashuka hadi karibu 75. Yaani tairi lenye upepo mdogo linakuelea kwenye mwendo ambao wewe unauona wa kawaida.

Alama ya kuisha kwa kashata, kile kigongo kidogo ndani ya mfereji, iko milimita 1.6. Mimi nyuma sisubiri kufika hapo. Zikibaki 3 namwambia mteja aanze kuweka akiba. Na tafadhali, lile tairi kipara lililochongwa mifereji mipya kwa kisu cha moto lisikaribie gari lako. Fundi aliyelichonga amepunguza mpira mwembamba uliobaki juu ya nyuzi. Nimewahi kulitoa moja ambalo waya ulionekana ndani ya mfereji.

Tairi limeliwa katikati, au pembeni, au upande wa ndani tu

Katikati: upepo umezidi. Pembeni zote mbili: upepo ni mdogo. Ndani tu kwa magurudumu ya nyuma ya Mark X au BMW: alaimenti (mnyooko wa magurudumu) ya nyuma, au bushi za mikono zimekwisha, waombe wapime nyuma pia, kwa kuwa sehemu nyingi hupima mbele na kuishia hapo. Vibonde vibonde kuzunguka tairi: shokamzoba.

Upepo pima asubuhi kabla gari halijatembea. Kibandiko cha Japani kinaandika upepo kwa kPa: 230 ni psi 33, 250 ni psi 36.

HiAce inayumba kama mtumbwi ikiwa imejaa

Soma namba ya mzigo. Tairi lake sahihi limeandikwa 107/105, na 107 maana yake kilo 975 kwa tairi moja. Tairi la gari dogo lenye 91 linabeba kilo 615. Yanaweza kuingia kwenye rimu hiyo hiyo na bei ikavutia, hasa ya mtumba, ila ubavu wake ni laini. Droni, yaani HiAce, iliyojaa ikipinda kwa kasi, ubavu unalala, mkia unafuata. Ubavuni tafuta LT au C, alama za tairi la mizigo. Kama huioni, rudisha, hata kama muuzaji ni ndugu yako.

Pancha ya nyuma, na spea ni ile nyembamba

Mark X nyingi huja na spea nyembamba ya dharura. Inataka upepo wa kPa 420, yaani psi 60, na karibu kila ninayoifungua ina 20 kwa sababu hakuna aliyewahi kuipima. Mwendo wake usizidi kilomita 80 kwa saa. Usiifunge nyuma kwenye mvua. Toa tairi zima la mbele ulipeleke nyuma palipopata pancha, kisha spea nyembamba ikae mbele. Ni kazi ya jeki mara mbili kando ya barabara, utalowa, abiria watanung'unika. Weka jiwe nyuma ya gurudumu la upande wa pili kabla ya kuinua, na kaza nati kwa msalaba, si kwa kuzunguka. Kisha nenda taratibu hadi kwa fundi wa karibu, ukiwa na tairi la pancha kwenye buti. Likiwa ni la theluji, usilizibe. Baki na rimu, na mpira mpe anayetengeneza kandambili.